Mbona "msimbazi" limeshika na "chamcha" halikushika?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Morogoro. Wiki iliyopita nilifundisha kidato cha tatu uundaji wa maneno, nikaandika ubaoni chamcha (chakula cha mchana), chajio (chakula cha jioni) na tarakilishi (kompyuta). Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, hayo maneno sijawahi kumsikia mtu akiyasema. Lakini jero, zege na msimbazi anayasema kila mtu, na kitabuni hayamo. Hayo nani anayatunga, na mbona ya kwao yanashika?' Darasa zima likacheka. Nikamwambia nitamletea jibu. Naomba unisaidie, maana Jumatatu atauliza tena."

JIBU: Mwalimu, pole na majukumu. Huyo mwanafunzi mwangalie vizuri, swali lake limewashinda wengi wenye shahada.

Jibu la mkato ni hili: jina hushika pale ambapo mtu analazimika kulitamka mara nyingi kwa siku, kwa haraka, kitu chenyewe kikiwa mkononi au pesa ikiwa imeshatoka mfukoni. Aliyelitunga hana uzito mkubwa. Mtaa umetunga maneno chungu nzima yaliyokufa kabla hata ya masika kwisha, na wataalamu wametunga mengine ambayo leo hakuna anayekumbuka kuwa yalitungwa. Tatizo la wanafunzi wako ni kwamba ya mtaani wanayaona yale yaliyopona tu, ilhali ya kitabuni wanayaona yote, mazima na wafu, kwa kuwa kitabu hakiziki.

Sasa nikupe mifano, ili Jumatatu usiende mikono mitupu.

Anza na fedha. Noti ya shilingi elfu kumi, msimbazi yenyewe, ni nyekundu. Nyekundu ni rangi ya Simba, na makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ndiyo maana timu hiyo inaitwa Wekundu wa Msimbazi. Noti ilipotoka, jina lilikuwa limeshaiva kwenye midomo ya watu wa mpira. Alitakiwa mtu wa kulihamisha tu. Mtu huyo hatumjui na hatutamjua. Lakini angalia sarufi ilivyolifuata: muuza viatu wa Kariakoo hakwambii "wekundu mbili", anakwambia "lete wekundu wawili tumalizane", kwa ngeli ya watu, kana kwamba noti zingali zimevaa jezi. Na shabiki wa Yanga, ambaye hata taulo jekundu halitaki ndani ya nyumba yake, akiulizwa ana kiasi gani anajibu bila aibu kuwa kabakiwa na msimbazi mmoja.

Chini ya msimbazi kuna buku, yaani elfu moja, na jero, yaani mia tano. Yanaungana vizuri: buku jero ni elfu moja na mia tano, buku mbili jero ni elfu mbili na mia tano. Jero lilizoeleka likiwa jina la noti. Mwaka 2014 Benki Kuu ikaleta sarafu ya mia tano, noti ikaanza kupotea mikononi mwa watu, na jina likahamia kwenye sarafu bila mtu yeyote kutoa tangazo. "Mia tano" ina silabi nne, jero mbili. Kwa mtu anayeitaja mara chache kwa wiki hiyo si tofauti. Kwa anayerudisha chenji kutwa nzima, ni koo lake.

Wanafunzi wasije wakadhani mchezo huu wameuanzisha wao. Hela, neno unaloliandika ubaoni bila wasiwasi, lilikuwa jina la sarafu ya Wajerumani, heller. Mwaka 1904 utawala wa kikoloni ulipanga rupia moja iwe hela 100, badala ya pesa 64 za awali. Wajerumani wakaondoka, sarafu ikafutwa, shilingi ikaingia miaka ya 1920, na hela ikabaki midomoni ikimaanisha fedha yoyote ile. Vuka Namanga usikie: Mkenya akisikia hela anaelewa, lakini mwenyewe atasema pesa, au chapaa akiwa na wenzake, kwa sababu heller haikuwahi kuwa sarafu ya kwake. Ukiwa na ramani ya ukoloni ukutani, waonyeshe mpaka wa neno hela na mpaka wa Wajerumani vinavyokaribiana.

Mahali pa pili ni kituo cha daladala, na hapa ningekaa nao kipindi kizima.

Simama Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi. Mpiga debe anapiga bati la gari kwa kiganja, mara mbili mbili, huku akiita Kariakoo. Debe lenyewe halipo, limebaki jina. Konda ananing'inia mlangoni. Noti kazikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, na sarafu anazichezesha kiganjani zilie. Mlio huo maana yake ni "nauli". Hasemi neno, na hakuna anayeuliza anataka nini. Dereva ni suka, kutoka usukani. Abiria ni kichwa, kwa hiyo gari huwa na vichwa kadhaa na bado haijajaa. Mwanafunzi ni denti, na denti wengi kituoni ni habari mbaya kwa konda kwa sababu ya nauli yao. Mwenye gari ni tajiri, hata kama gari hilo moja ndilo mali yake yote na bado analidaiwa; jioni anasubiri hesabu. Suka akichoka anamwachia deiwaka, dereva asiye na mkataba na mtu, apige mizunguko miwili mitatu.

Waulize wanafunzi: deiwaka ungemwitaje kwa Kiswahili cha kitabuni? "Dereva asiyeajiriwa anayemshikia mwenzake kwa muda" ni maelezo sahihi kabisa, na hadi uyamalize trafiki keshafika dirishani. Mtu huyo yupo, anafanya kazi kila siku, lazima atajwe, na hakuna ofisi iliyowahi kumpa jina. Kituo kikampa. Neno la Kiingereza, day worker, wakalichukua kwa masikio, wakaliandika wanavyolisikia, na sasa lina wingi, madeiwaka, na lina hata kitenzi chake, kupiga deiwaka.

Jina daladala nalo lilizaliwa hivyohivyo. Usafiri wa mjini Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa UDA, shirika la umma, na mabasi hayakutosha. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani ikiitwa dala. Makonda wakaita "dala! dala!", na wito ukageuka jina la gari. Kabla ya hapo jiji lilishayaona magari ya chai maharage, ambayo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana kama wateja wa hotelini. Baadaye Hiace zikaitwa vipanya. Arusha na Moshi wakashikilia vifodi, na kifodi kikaendelea kuitwa kifodi hata kilipokuwa Toyota. Shilingi tano haimpeleki tena mtu popote, lakini daladala limekaa kwenye kamusi, kwenye leseni na kwenye taarifa ya habari.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya uundaji wa maneno hulipita haraka. Majina mengi ya vitu vyetu vya kila siku ni wito ulioganda. Daladala ni wito wa konda. Matatu ya Kenya yalitokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, na yalikuwa yameshazoeleka kwa jina hilo serikali ya Kenyatta ilipoyaruhusu rasmi mwaka 1973. Bodaboda ni wito wa wenye baiskeli waliokuwa wakivusha watu pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mama ntilie ni sauti ya mteja mwenye njaa aliyenyoosha sahani: "mama, nitilie." Saidia fundi ni amri iliyogeuka cheo, ukifika kwenye ujenzi utasikia "saidia fundi wawili hawajaja leo", na hakuna anayeona ajabu. Katika orodha yako ya njia za kuunda maneno umeweka uambatanishaji, uhulutishaji, ukopaji, takriri. Ongeza na hii, hata kama mtihani hautaiuliza: sentensi nzima inayosemwa mara nyingi hukomaa ikawa nomino.

Wataalamu wamejaribu kumpa mama ntilie jina la heshima zaidi, mama lishe. Limefanikiwa nusu. Linatumika kwenye semina, kwenye vikundi vya mikopo, kwenye hotuba. Ukiwa na njaa unakwenda kwa mama ntilie.

Na hapo kwa mama ntilie ndipo palipouawa chamcha. Fikiri mwenyewe unavyoagiza. Unakaa kwenye benchi, unasema "ugali dagaa", au "wali maharage, weka na mchicha". Unataja chakula. Hakuna mtu anayefika akasema "naomba chakula cha mchana", kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufupisha maneno ambayo hayasemi. Chamcha ni kifupisho cha usemi ambao haukuwa ukimchosha mtu. Chajio hivyohivyo: nyumbani mama anasema "njooni mle". Vimeundwa vizuri kisarufi, sina ugomvi navyo, na Kenya utavikuta kwenye vitabu vya shule na kwenye insha za watoto. Ila havina mdomo wa kuvisema jikoni.

Hatua chache kutoka kwa mama ntilie kuna kibanda cha chipsi, na hapo wanafunzi wako wamebobea kuliko mimi na wewe. Zege ni chipsi mayai. Mwangalie kijana anavyolipika: chipsi zilizokwisha kukaangwa anazirudisha kwenye kikaango kidogo chenye mafuta, anapasua mayai mawili kwenye kikombe, anayapiga kwa uma, anayamwaga juu, anatikisa ili yapenye hadi chini, kisha anafunika kwa sahani na kugeuza kipande chote kwa mkupuo. Kinachotoka ni duara moja lililoshikana, kokoto za viazi ndani ya saruji ya yai. Aliyeliita zege alikuwa amewahi kushika koleo, au alikuwa mteja wa saidia fundi. Mteja anaagiza "zege moja kavu", au la kachumbari, na vijiti vya meno vinachukua nafasi ya uma. Neno hili halina haraka yoyote ya kuokoa silabi. Limeshika kwa sababu linachekesha na ni kweli kwa wakati mmoja. Ukimweleza mtu aliyewahi kumwaga zege la jamvi, hahitaji maelezo zaidi.

Kufikia hapo nimekupa sababu mbili, haraka na utani. Ya tatu ni kuficha, na hii ina uzito zaidi.

Nyama ya nguruwe Dar es Salaam inaitwa kitimoto. Inaitwa mdudu. Inaitwa mbuzi katoliki, jina ambalo sidhani kama linahitaji ufafanuzi. Katika jiji ambalo Waislamu na Wakristo wanapanga nyumba moja na kuchota maji bomba moja, kutaja nguruwe kwa jina lake mbele ya jirani ni kukosa adabu, na wapo wanaoila ambao wasingependa ijulikane. Ni jiji ambalo mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa, kwa hiyo watu wanajua kwa nini sauti inashushwa. Jina mbadala linamruhusu muuzaji kutundika kibao barabarani na mteja kumwambia mwenzake wakutane wapi, bila kumkwaza mtu. Hii ndiyo tafsida unayoifundisha, imetoka tu kwenye matangazo ya misiba na kwenda kwenye jiko la mkaa.

Pombe haramu nayo ina majina kuliko idadi ya wanaoipika: gongo, machozi ya simba, supu ya mawe. Ila jina lililonivutia zaidi ni kiroba. Kiroba ni mfuko, kiroba cha unga, kila mtu anajua. Pombe kali ilipoanza kuuzwa kwenye vipakiti vidogo vya plastiki, vipakiti hivyo vikaitwa viroba, na mzaha uko kwenye ukubwa: kitu cha kufichwa kiganjani kimepewa jina la kitu cha kubebwa begani. Vilipopigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, vyombo vya habari na viongozi wote walisema "viroba". Neno la kilevi likaingia kwenye katazo la serikali kabla halijapata muda wa kuingia kwenye kamusi kwa maana hiyo.

Mahali ambapo kuficha kuliuma ni kwenye ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa haukuwa na jina, na watu wa kule wakauita Juliana, jina la nguo maridadi zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo waliovuka mpaka wa Uganda. Waliopata fedha za magendo walivaa Juliana, na baadhi yao ndio waliotangulia kuugua. Jina likahama kutoka mgongoni kwenda mwilini. Mijini vijana wakasema ngoma, wakasema mdudu, wakasema fulani kakanyaga miwaya. Herufi za Kiingereza A, I, D, S wakazifasiri "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Ukicheka, cheka kwa uangalifu. Wengi walioyasema hayo walikuwa wakimtaja ndugu yao, na neno lenyewe wasingeweza kulitoa.

Na hapohapo, Mwalimu, ndipo neno la wataalamu liliposhinda moja kwa moja. UKIMWI ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Liliundwa mezani. Lakini linatamkika, lina umbo la nomino ya Kiswahili yenye u- mbele, na lilifika likiwa limefuatana na redio, mabango, zahanati na mahubiri, wakati watu wanahitaji neno la kusema mbele ya daktari na mbele ya mkwe. Juliana hakuna tena anayelisema ila wanahistoria. Kwa hiyo mwanafunzi wako akisisitiza kwamba ya wataalamu hayashiki, muulize UKIMWI limetoka wapi.

Muulize na kishikwambi. Nina hakika shuleni kwako kipo, pengine ndicho unachosomea jibu hili. Kilipoanza kutajwa, watu walilicheka neno hilo kama walivyocheka tarakilishi. Kisha ikaja Sensa ya Agosti 23, 2022. Makarani wakapita nyumba kwa nyumba wamekishika, redio zikasema vishikwambi kwa miezi, na baada ya sensa vikagawiwa kwa walimu. Kwa Watanzania wengi kifaa na jina viligonga hodi siku moja. Tarakilishi haikuwa na bahati hiyo: ilipoletwa, mashine ilikuwa imekaa ofisini miaka ikiitwa kompyuta, na fundi wake, karani wake na risiti yake vyote vilisema kompyuta. Kuondoa jina lililokwisha kukaa ni kazi ngumu mara kumi ya kuleta jina kabla ya kitu.

Rununu ilishindwa kwa sababu nyingine. Ilikusudiwa kutenganisha simu ya mkononi na ya mezani. Lakini simu ya mezani ikapotea majumbani, na "simu" ikabaki kuwa ya mkononi bila kuhitaji kivumishi. Tofauti iliyokuwa ikiwahangaisha wanunuzi ilikuwa nyingine: hii ya batani na tochi, au ile ya kupangusa? Mtaa ukajibu hilo. Tanzania wakasema kitochi na kiswaswadu, Kenya wakasema mulika mwizi. Wataalamu waligawa pale ambapo soko halikugawa.

Serikali nayo hushindwa na midomo ya raia wake. Mradi wa mabasi ya Dar es Salaam uliitwa Mabasi Yaendayo Haraka, na huduma ilipoanza Mei 2016 kila mtu akasema mwendokasi. Hebu fikiria: mwendokasi lilikuwa jina la kosa, lile ambalo trafiki anakuandikia faini kwalo! Sasa ni sifa. Kisha ikaja treni ya SGR, ya reli mpya ya kisasa. Ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, watu wa kwenu hawakusubiri kuambiwa. Treni ya mwendokasi.

Nikuonye kuhusu jambo moja, kwa kuwa wanafunzi watakuletea. Neno la mtaani likishapata umaarufu, hutungiwa asili. Utaambiwa machinga limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kijana anayetembea kwa mwendo wa gwaride. Inapendeza kusimulia, na si kweli. Wamachinga ni watu wa Lindi, walikuwepo kwa jina hilo tangu enzi za Wajerumani, na vijana kutoka kusini ndio waliojulikana Dar es Salaam kwa kutembeza bidhaa mkononi. Jina la watu likawa jina la kazi, kisha Mchaga na Msukuma nao wakawa wamachinga. Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na karibu hakuna aliyeviita hivyo: vilikuwa vitambulisho vya machinga. Kanuni yangu ni hii: asili ikiwa na hadithi nzuri mno na lugha ya Kiingereza ndani yake, idai ushahidi mara mbili.

Mitumba nayo ina safari ya namna hiyo, ila yake tunaifahamu. Mtumba ni mzigo uliofungwa, nguo za kubebwa na wapagazi wa misafara. Nguo kuukuu za kutoka nje zilikuwa zikiitwa kafa Ulaya, yaani aliyezivaa kafia huko. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na marobota yakaanza kushuka bandarini, likashika jina la mitumba. Nafikiri kafa Ulaya lilikuwa na utani mkali kuliko biashara ilivyoweza kubeba; huwezi kumuuzia mteja shati huku ukimkumbusha maiti. Gikomba, Nairobi, wamekwenda mbali zaidi na kuyapa majina madaraja: nguo bora ya robota ni kamera.

Sheng sitaigusa sana, inadai makala yake. Ijulikane tu kwamba Nairobi maneno huchakaa upesi kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa kule kila mtaa unataka kujitofautisha na jirani yake, na neno likishasemwa na mtangazaji wa redio vijana hulitupa. Na ule mchezo wa kupindua silabi ambao wanafunzi hudhani ni wa kizazi chao, kesho ikawa shoke na nyumba ikawa mbanyu, unaitwa kinyume, na Unguja ulikuwapo tangu karne ya 19.

Sasa darasani. Mtaala umeshakupa mlango: misimu. Una misimu ya pekee, ya kundi dogo. Misimu ya kitarafa, ya eneo. Na misimu zagao, iliyoenea nchi nzima. Usiifundishe kama fasili ya kukariri. Wape wanafunzi kazi ya kuleta maneno kumi kila mmoja kutoka nyumbani, sokoni na kituoni, kila neno na mahali lilikosikika na sentensi iliyosemwa. Kisha wayapange wenyewe katika makundi hayo matatu. Kifodi litawagombanisha, na deiwaka pia, na ugomvi huo ndio somo. Hiyo ndiyo kazi ya mtunga kamusi. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walipochapisha mwaka 2006 kamusi yao ya lugha ya mitaani ya Tanzania, yenye maneno na semi zipatazo 1,100, walianzia kwenye sentensi zilizosemwa na watu.

Matusi yatakuja, jiandae. Waambie mapema kwamba neno wasiloweza kulisoma mbele ya bibi yao walilete kwenye karatasi iliyokunjwa, utaisoma peke yako.

Kuhusu kusahihisha, mimi singekata alama kwa jero ndani ya mazungumzo ya tamthilia au ya hadithi. Mhusika konda akisema "shilingi mia tano" atakuwa konda wa uongo. Kwenye barua rasmi na insha ya hoja, kata, na uandike pembeni kwa nini. Mwanafunzi aliyekuuliza mpe swali la nyongeza: achague kitu kimoja shuleni ambacho kina jina refu rasmi na hakina jina fupi, kisha aeleze kwa nini hakuna aliyehangaika kukifupisha. Kama atakuletea jibu zuri, nitumie na mimi.